Matete ukingoni mwa ziwa: yanaweza nini, yanashindwa wapi

Wengi wenye kiwanja kando ya ziwa hupenda ukoka uliofyekwa hadi maji yanapoanza. Wataalamu wa maziwa huwaomba kinyume chake: waache ukanda wa matete, vichaka na miti ya asili, wa mita kumi au zaidi. Naliunga mkono ombi hilo, ila si kila mahali kwa uzito uleule.

Kiini cha ombi hilo ni fosforasi, kirutubisho cha mimea ambacho kikizidi majini hulisha mwani. Mwaka 1973 mtaalamu wa maziwa David Schindler na wenzake waligawa Ziwa 226, ziwa la utafiti huko Ontario, Kanada, kwa pazia. Pande zote mbili walitia kaboni na nitrojeni, fosforasi wakatia upande mmoja tu, na huo ndio uliogeuka kijani kwa mwani. Fosforasi huingia ziwani na udongo uliomomonyoka, mbolea ya bustani na majani yaliyooza. Ukoka una mizizi mifupi na ardhi yake imeshindiliwa, kwa hiyo mvua huteleza juu yake. Kwenye mimea mirefu maji hupungua kasi, tope hutua, na sehemu ya maji huzama ardhini. Matete pia huvunja mawimbi. Ukuta wa zege huyarudisha tu, yakachimba chini yake, na samaki wakakosa mazalio.

Wanaokataa husema vichaka huziba mandhari na kuficha nyoka. Hayo yana dawa: mimea mifupi mbele ya dirisha, na njia nyembamba ya kupindapinda ili isigeuke mfereji. Hoja yao nzito ni ya haki: mwenye kiwanja asibebeshwe mzigo wa uchafu wa wengine. Mwaka 2014 wakazi wa Toledo, Marekani, walikatazwa kunywa maji ya bomba kwa siku kadhaa kwa sababu ya sumu ya mwani wa Ziwa Erie. Fosforasi inayolisha mwani huo hutoka zaidi mashambani, kupitia Mto Maumee. Bustani za ufukweni zisingeizuia.

Tena ukanda hushika tope vizuri kuliko fosforasi iliyokwisha kuyeyuka. Maji yakijikusanya kwenye mtaro mmoja huukata katikati, na shimo la choo linalovuja huupita chini kwa chini. Tope la ziwani nalo huhifadhi fosforasi ya miaka mingi na kuiachia oksijeni inapoisha kule chini. Aliyepanda leo asitarajie maji kutakata mwakani.

Kwenye ziwa dogo lililozungukwa na nyumba, bila mto wa mashambani, naona hakuna kisingizio: uchafu unatoka kwenye viwanja hivyo hivyo. Kwenye ziwa linalopokea mto wa mashambani, kuanza na mwenye nyumba ni kumwonea, ingawa kuna jambo moja la kumdai popote alipo: asitie ukoka wake fosforasi usioihitaji. Jimbo la Minnesota lilizuia mbolea hiyo kwenye bustani za nyasi kote mwaka 2005, isipokuwa kwa nyasi mpya au pale udongo uliopimwa unapoonyesha upungufu. Hilo halimnyimi mtu hata hatua moja ya kiwanja chake.