Mtetemo wa simu una pesa, ila mfukoni mwa nani?

Chukua iPhone 7 iliyozimika kabisa, ubonyeze kile kitufe cha duara kilicho chini ya skrini. Hakizami hata kidogo. Iwashe, ubonyeze tena, na kidole kitakuapia kwamba kitufe kimeshuka na kurudi juu. Kilichotokea ni kwamba mota ndogo iliyolala ndani, ambayo Apple huiita Taptic Engine, imepiga pigo moja fupi wakati uleule kidole kilipokandamiza. Mafundi simu wa jengo la Mutaasa Kafeero pale Kampala wanaujua upande mchungu wa ufundi huu. Kitufe hicho kimefungamanishwa na bodi ya simu kiliyotoka nayo kiwandani. Ukitoa cha simu nyingine ukakibandika, hata kiwe halisi, hakisomi alama ya kidole wala hakimrudishi mteja kwenye ukurasa wa mwanzo.

Nimeanza na kitufe hicho kwa sababu kinaonyesha mambo mawili kwa mpigo: teknolojia ya mguso inafanya kazi kweli, na mwenye nayo ameifunga kwa kufuli. Mwekezaji akiliona la kwanza akasahau la pili, ataumia.

Ninayemfikiria hapa si tajiri wa Nakasero. Ni mwanachama wa SACCO kule Arua, au mfanyabiashara wa Busia aliyeweka shilingi milioni 10 pembeni na anatafuta pa kuzipeleka. Siku hizi hisa za kampuni za Marekani zinanunulika kwa simu, na wauza ndoto za teknolojia hawalali. Juzi ilikuwa sarafu za kidijitali, jana akili bandia. Vifaa vinavyoujibu mguso wa kidole navyo vina wapiga debe wao, na hoja zao si za kubeza.

Tuangalie kwanza kitu chenyewe. Simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa kwetu zina mota ya kizamani: ekseli ndogo yenye kizito kilichokaa upande mmoja. Ikizunguka, kizito kinaivuta simu huku na huku. Ni rahisi na ni imara, bei yake haifiki dola moja, lakini inachelewa kushika kasi na inachelewa kusimama. Ndiyo maana ukiandika ujumbe haraka unahisi mngurumo mmoja mrefu badala ya mguso wa kila herufi, na wengi huishia kuuzima ili waokoe betri. Simu za bei ya juu hutumia sumaku iliyowekwa kwenye springi, inayosukumwa mbele na nyuma kwa mstari ulionyooka. Hiyo huanza na kuacha upesi, na kwa kawaida hutetemeka mara 150 hadi 250 kwa sekunde, mwendo ambao ngozi ya kidole huuhisi vizuri. Ipo na aina ya tatu, kauri ya piezo inayojikunja ikipitishiwa umeme. Hiyo ni nyembamba na ya haraka kuliko zote, ila inadai volti nyingi kuliko zile betri inazotoa, hivyo lazima iwe na chipu ya kuzipandisha.

Sasa hoja ya wanaoitetea. Vitufe vinatoweka. Simu ilikuwa na vitufe kumi na kitu, leo ina viwili vitatu ubavuni. Pedi ya kipanya kwenye MacBook haizami tangu mwaka 2015, na mtumiaji asipoambiwa hajui. Kioo hakina mabonde wala vilima, kidole kinateleza tu juu yake, kwa hiyo lazima kitu fulani kimwambie mtu kwamba amri yake imepokelewa. Kila kitufe kinachoondolewa ni nafasi ya mota. Mwaka 2020 Sony ilileta pedi ya mkononi ya DualSense pamoja na mashine yake ya michezo, PlayStation 5, na ndani yake vifyatuo hukaza ukivuta upinde mchezoni na kulegea mshale ukiondoka. Aliyeishika hiyo akarudishiwa pedi ya zamani huona kama ameshikishwa jiwe. Google nayo, kuanzia Android 8 ya mwaka 2017, iliwapa waandishi wa programu njia ya kupanga nguvu na muda wa kila mtetemo. Apple ikafuata mwaka 2019 na mfumo wake wa Core Haptics. Maana yake, kijana aliyeketi Ntinda na kompyuta yake anaweza kubuni mguso bila kumiliki kiwanda.

Hoja hizo nazikubali zote. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ya kusema kwamba kwa kuwa kitu kinahitajika, basi anayekitengeneza atatajirika na mwenye hisa zake atatajirika naye.

Habari ya Immersion inafundisha kuliko chati yoyote. Kampuni hii ilianzishwa California mwaka 1993 na ikaingia soko la hisa la NASDAQ mwaka 1999. Haikutegemea sana kuuza mota. Ilichokusanya ni hataza, yaani haki za kisheria za kumiliki ubunifu, mamia kwa mamia, juu ya namna ya kumfanya mtumiaji ahisi kitu mkononi. Mwaka 2002 ikazishtaki Sony na Microsoft kwa sababu ya pedi zao za michezo. Microsoft ilisoma upepo mapema ikamaliza kwa dola milioni 26 mwaka 2003. Sony ilikaza shingo, na mwaka 2004 jopo la mahakama likaiamuru ilipe dola milioni 82. PlayStation 3 ilipotoka mwaka 2006, pedi yake haikutetemeka kabisa. Sony ilijieleza kwamba mtetemo ungevuruga vihisio vya mwendo. Wakapatana mwaka 2007, na pedi yenye mtetemo, DualShock 3, ikatoka mwaka huohuo. Huko kuvurugika kwa vihisio hakukusikika tena.

Kwa mtetezi, huo ni ushahidi kwamba mguso una thamani: kampuni ndogo iliwapigisha magoti wakubwa. Mimi naona jambo jingine. Fedha zilitoka mahakamani, si dukani. Hataza ina umri, kwa kawaida miaka 20 tangu ombi kuwasilishwa, na ikiisha, mrabaha, ile ada wanayolipa wanaoutumia ubunifu huo, nao unaisha. Immersion iliishtaki Apple mwaka 2016, wakapatana mwaka 2018. Ikaishtaki Meta, wenye Facebook, mwaka 2022, kisha Valve, kampuni ya michezo ya kompyuta, mwaka 2023. Halafu mwaka 2024 ikafanya nini? Ikachukua udhibiti wa Barnes & Noble Education, kampuni inayoendesha maduka ya vitabu kwenye vyuo vikuu vya Marekani. Jina kubwa kuliko yote katika biashara ya mtetemo likaishia kuuza vitabu vya kiada. Aliyenunua hisa zake mwaka 2000, homa ya intaneti ilipokuwa juu, hajawahi kuiona bei ile tena.

Vipi basi wanaotengeneza mota zenyewe? Hapa kuna kiwanda, kuna bidhaa, kuna mauzo, na mtu anaweza kudhani ni salama zaidi. Mwaka 2015 Apple ilipotoa saa yake ya kwanza, gazeti la Wall Street Journal liliripoti kwamba mota za AAC Technologies ya China ziligundulika kuwa na kasoro ya uimara, na sehemu kubwa ya kazi ikahamishiwa Nidec ya Japani. Fikiria wewe ni mwenye hisa wa AAC asubuhi hiyo. Mwaka 2023 ilisadikiwa sana kwamba iPhone 15 Pro ingekuja na vitufe vya ubavuni visivyozama, vinavyotegemea mtetemo. Ming-Chi Kuo, mchambuzi anayeifuatilia Apple, alipoandika mwezi Aprili kwamba mpango umeachwa, hisa za Cirrus Logic, watengenezaji wa chipu za kuendesha mota za namna hiyo, zikaporomoka. Hakuna mteja aliyeacha kupenda mguso. Mnunuzi mmoja tu alibadili mawazo.

Biashara yenye mnunuzi mmoja mkubwa mkulima wa miwa wa Busoga anaielewa bila kufundishwa. Kiwanda kikikataa lori lako leo, miwa haikai ghalani kusubiri mwaka ujao.

Na wanunuzi nao hurudi nyuma. BlackBerry Storm ya mwaka 2008 ilikuwa na skrini nzima iliyozama kama kitufe kimoja, na watu wakaichukia. Volkswagen ilijaza vitufe vya kugusa kwenye usukani, kisha mwaka 2022 ikatangaza kwamba inarudisha vitufe halisi. Kuanzia mwaka 2026 Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, wanataka honi, taa za ishara, taa za hatari na waipa viwe na swichi halisi kabla gari halijapewa nyota tano.

Turudi nyumbani, kwa sababu uwekezaji haupimwi hewani. Hatifungani za Serikali ya Uganda, yaani mkopo ambao mwananchi huipa serikali kwa riba, za miaka 10 na zaidi zimekuwa zikitoa riba ya asilimia 15 hadi 17 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, na Benki Kuu inamruhusu mtu kuanza na shilingi 100,000. Milioni 10 kwa asilimia 15 ni shilingi milioni 1.5 kwa mwaka. Kodi ya zuio, inayokatwa kabla hujalipwa, kwa hatifungani za muda huo ni asilimia 10, hivyo inabaki milioni 1.35 mkononi, na inakuja kila baada ya miezi sita bila kujali Apple imeamua nini. Anayetaka kunishawishi ninunue hisa za mtengeneza mota wa Shenzhen au Kyoto aanze kwa kuipita namba hiyo, kisha aongeze ada za dalali na za kubadili fedha.

Kuna jibu la haki kwa hili, nalo ni sarafu. Hatifungani yako iko katika shilingi, hisa ya nje iko katika dola, na shilingi ikiteleza mwenye dola anacheka. Kweli. Ila kama shida yako ni shilingi, dola unaweza kuishika kwa njia nyingi zisizokulazimu kubashiri kitufe cha simu ijayo. Hoja ya sarafu isitumike kuuza hoja ya mtetemo.

Viwanda vyetu je? Pale Namanve, Rais Museveni alifungua kiwanda cha simu cha SIMI mwaka 2019, na wapo wanaosema tuanze na mota zetu wenyewe. Sioni. Kiwanda cha kuunganisha hupokea vipande vilivyokwisha kuchaguliwa, na mota ni miongoni mwa vile vya bei ndogo kabisa ndani ya boksi. Kushindana na China kwenye kipande kisichofika dola moja ni kujitafutia ugonjwa wa moyo.

Mahali ninapoona nafasi kwetu ni kwenye matumizi, na hapo pia nina mashaka yangu. Mtu asiyeona anayetumia simu ya skrini anategemea sauti, na sauti ndani ya taksi iliyojaa ni hatari: simu inamsomea salio lake na jirani anasikiliza. Mtetemo unamwambia yeye peke yake. Pigo moja kwa tarakimu iliyoingia, mapigo mawili kwa muamala uliokamilika, mtetemo mrefu kwa uliokataliwa. Hii haihitaji kiwanda. Inahitaji waandishi wa programu wachache wenye subira na watumiaji wasioona waliokaa nao tangu siku ya kwanza, walipwe kwa muda wao kama wafanyakazi wengine.

Mashaka yangu ni haya. Waganda wengi hutuma pesa kwa *165# ya MTN au *185# ya Airtel, na menyu hizo hupita kwenye mtandao wa simu bila programu yoyote ya kuamuru mota. Wenye katorchi, zile simu ndogo za vitufe, hawataguswa na ubunifu huu, na kusema kweli hawauhitaji sana. Vitufe vyao vinazama, na kile cha 5 kina kijinundu ambacho kidole hukiona gizani. Kwa wenye simu za skrini za bei ya chini, mara nyingi mota ya kizamani haibadilishiwi nguvu ya mtetemo, ni kuwaka na kuzima tu, kwa hiyo kila kinachobuniwa kwenye simu ya milioni tatu lazima kieleweke pia kwenye ya laki tatu. Mwendesha boda naye, anayetajwa sana kama soko la kuelekezwa njia kwa mtetemo, amekalia injini inayotetemeka kutwa nzima. Labda pikipiki za umeme zikienea hesabu itabadilika.

Kwa hiyo milioni 10 zile nisingezipeleka kwa Immersion, AAC, Nidec wala Cirrus Logic, isipokuwa kwa mtu mwenye hisa nyingi tofauti anayeweza kupoteza moja akalala usingizi. Sehemu kubwa ningeiacha kwenye hatifungani. Laki chache ningekubali ziende kwa vijana wenye programu ya aina niliyoieleza, kwa masharti ya hisa yaliyoandikwa na wakili. Wakija na pendekezo, wasinionyeshe kwenye Samsung mpya ndani ya ofisi tulivu. Waiweke kwenye Itel ya bei ya chini kabisa, waitie mfukoni mwa mtu asiyeona, wapande naye taksi ya Kawempe saa kumi na mbili jioni, wamtumie pesa, kisha wamuulize kama amejua kwamba zimeingia.