John Malecela na Hoja ya Tanganyika: Alaumiwe kwa Lipi?

Hakuna mwana wa Ugogo aliyepanda juu serikalini kumzidi Mzee John Samuel Malecela wa Mvumi, Dodoma. Alikuwa balozi wetu Umoja wa Mataifa kuanzia 1964, Waziri wa Mambo ya Nje 1972 hadi 1975, kisha akapita Kilimo, Madini na Uchukuzi. Kuanzia Novemba 1990 hadi Desemba 1994 alikuwa Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais. Lakini akitajwa tu, mazungumzo hukimbilia Agosti 1993, Bunge lilipoazimia iwepo Serikali ya Tanganyika. Wanaomlaumu husema Muungano wa Tanganyika na Zanzibar uliyumba mikononi mwake. Wanaomtetea husema alitolewa kafara. Naona pande zote mbili zinachanganya makosa mawili yasiyolingana uzito: kuacha utaratibu wa chama, na kutolizima wazo la Tanganyika.

Chanzo kinafahamika. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, ilhali mambo ya nje ni ya Muungano. Kamati ya Bunge ilichunguza ikaona Katiba imevunjwa, na Zanzibar ikajitoa mwaka uliofuata. Hasira za wabunge wa Bara, yaani iliyokuwa Tanganyika, hazikupoa. Wabunge 55, ndio walioitwa G55, wakaleta hoja binafsi ya kudai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, mtoa hoja akiwa Njelu Kasaka wa Lupa. Serikali ikaikubali baada ya marekebisho, azimio likapita.

Hapo ndipo lawama inapopata nguvu. Vyama vingi vilikuwa vimerudi mwaka 1992, lakini Bunge lile lilichaguliwa 1990 na wote waliokuwamo walikuwa wa CCM, chama tawala. Sera ya CCM ilikuwa serikali mbili: ya Muungano na ya Zanzibar. Waziri Mkuu ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni, na hoja inayogusa sera ya msingi ya chama ina njia yake: kwanza inazungumzwa katika kikao cha wabunge wa chama, ikishindikana inapanda Kamati Kuu na Halmashauri Kuu ya Taifa, ndipo Serikali ije bungeni na msimamo mmoja. Safari hii mambo yalienda kinyumenyume. Bunge liliazimia, chama kikaja kuhangaika baadaye, hadi mwaka 1994 kikarudi kwenye serikali mbili na Bunge likafuata.

Mwalimu Nyerere hakunyamaza. Katika kitabu alichokitoa 1994, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, aliwabebesha mzigo Malecela na Horace Kolimba, Katibu Mkuu wa CCM, kwamba walimshauri vibaya Rais Ali Hassan Mwinyi. Kiini cha hoja yake ni hiki: kiongozi asiyekubaliana na sera ya serikali anayoitumikia ajiuzulu, akaipinge akiwa nje. Hoja hiyo sijaona aliyeijibu sawasawa. Kama Malecela aliamini serikali tatu, yaani ya Tanganyika ikiongezwa, alipaswa kusema na kuondoka. Kama hakuziamini, alipaswa kuipinga hoja hata kama angeshindwa kwa kura.

Ila tusiseme kwamba nchi ilikuwa imefika ukingoni kwa sababu ya azimio lile. Azimio la Bunge si sheria. Chini ya ibara ya 98 ya Katiba, mambo ya msingi ya Muungano yanabadilishwa kwa kura za theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Wabunge wa Bara wangeweza kushangilia usiku kucha, bila upande wa pili kusingezaliwa Tanganyika yoyote. Wala wazo la serikali tatu halikubuniwa Mvumi. Tume ya Jaji Nyalali ilikwishapendekeza serikali tatu kabla ya G55, kamati ya Jaji Kisanga ikarudia mwishoni mwa miaka ya 1990, na Tume ya Jaji Warioba ikaliweka kwenye rasimu ya 2013. Kumwita Malecela msaliti kwa kutolizima wazo hilo ni kumwonea. Isitoshe, Baraza la Mawaziri lina mwenyekiti, naye ni Rais. Sioni haki ya uamuzi wa chombo kizima kubaki shingoni mwa watu wawili.

Kinachonisikitisha ni kwamba sakata hili limefunika mambo mengine ya kumpimia. Alikuwa Waziri wa Kilimo, 1975 hadi 1980, wakati vyama vikuu vya ushirika vilipofutwa mwaka 1976 na kazi yao kupewa mamlaka za mazao. Mkulima alipoteza chombo alichokuwa na sauti ndani yake, akabaki na mnunuzi mmoja asiyeweza kumhoji. Serikali ilirudisha ushirika kwa sheria ya 1982. Uamuzi ule haukuwa wake peke yake, lakini wizara ilikuwa yake. Kwa upande wa sifa, mwaka 1986 alikuwa katika kundi la watu mashuhuri wa Jumuiya ya Madola lililoingia Afrika Kusini na kukutana na Nelson Mandela gerezani Pollsmoor. Watanzania wangapi wanalijua hilo?

Urais haukumkubali. Mwaka 1995 CCM ilipochagua mgombea wake Chimwaga, pale palipo Chuo Kikuu cha Dodoma leo, walioingia tatu bora ni Mkapa, Kikwete na Msuya. Mwaka 2005 Kamati Kuu ilipitisha majina matano, lake halikuwamo, ingawa wakati huo yeye ndiye alikuwa Makamu Mwenyekiti wa CCM Bara.

Kisha ikaja 2010, aliposhindwa na Livingstone Lusinde katika mchujo wa ndani wa CCM jimboni kwake Mtera. Wengi husema Mtera walimchoka kwa umri. Umri ulichangia, lakini utaratibu nao ulibadilika: kura za maoni za CCM zilitoka kwa wajumbe wa mkutano wa jimbo zikaenda kwa kila mwanachama tawini. Wajumbe wachache unaweza kuwajua kwa majina na kuwatembelea. Wanachama wa Mpwayungu, Handali, Idifu na Fufu wanataka mtu wa kuzunguka tawi kwa tawi, na Lusinde alikuwa na miguu hiyo. Vikao vya juu vilikuwa na uwezo wa kugeuza matokeo. Mwaka huo huo, katika jimbo la Nzega, aliyeongoza aliachwa, akapitishwa wa tatu. Kwa Mzee Malecela, aliyekitumikia chama hicho tangu kilipoanzishwa, matokeo ya Mtera yaliachwa kama yalivyo.