Usinihesabie Bafu kwa Sakafu Yake

Juzi usiku mdogo wangu alinitumia picha ya karatasi. Nyumba yake imeshaezekwa, madirisha yamewekwa, sasa anaingia kwenye umaliziaji wa ndani. Karatasi ilikuwa na mistari miwili tu: "vifaa vya ndani, jumla" na "ufundi, jumla", kila mmoja na kiasi chake, na chini sahihi ya fundi. Akauliza, "Kaka, hii bei ni nzuri?"

Ningejuaje? Sikuona imepatikanaje.

Nikampigia fundi mwenyewe, mtu mzima, mkono wake ninaufahamu na kazi yake naiheshimu. Akanieleza bila kuficha kwamba huchukua ukubwa wa sakafu ya nyumba nzima, akazidisha kwa kiwango chake cha mita ya mraba, basi. "Ndivyo tunavyofanya wote, ndugu yangu." Najua, na hilo ndilo linaloniuma.

Chukua sebule ya mita 5 kwa 6. Sakafu yake ni mita za mraba 30. Sasa ingia bafuni, mita 1.8 kwa 2.2, sakafu haifiki hata mita za mraba 4. Kwa hesabu ya sakafu, bafu hilo ni kama moja ya nane ya sebule. Lakini bafu linavikwa vigae ukutani. Mzunguko wa kuta ni mita 8, ukivipandisha hadi mita 2.4 unapata 19.2, toa mlango, ongeza sakafu, unakaribia mita za mraba 22. Yaani bafu dogo linameza vigae karibu robo tatu ya vile vya sebule.

Na hapo sijagusa ufundi. Sebuleni fundi analaza vigae vizima safu kwa safu, anakata anapofika ukutani. Bafuni kila hatua ni kukata. Kuna bomba la maji moto na la maji baridi, kuna kona nne za kupanda, kuna mteremko wa sakafu unaotakiwa kupeleka maji kwenye tundu lake, maana ukikosea maji yatatuama mlangoni. Kabla ya yote hayo kuna dawa ya kuzuia maji, inayopakwa zaidi ya mara moja na kuachwa ikauke kila mara. Hizo ni siku za mtu, na kwenye karatasi ile hazimo. Fundi akishagundua kuwa bafu linamla, atafidia wapi? Ataruka mkono wa pili wa dawa, au atabandika kabla haijakauka. Miezi ikipita, rangi ya chumba kinachopakana na bafu inaanza kuvimba karibu na sakafu, na kila mtu anamlaani fundi. Mimi naona kosa lilianzia kwenye makadirio, siku ile alipokubali kulipwa bafu kwa sakafu yake.

Lipu nayo ina siri yake. Unakadiria unene wa milimita 15 kwenye kuta za mita za mraba 60, unapata mita za ujazo 0.9 za mchanganyiko. Kumbe ukuta umepinda, na ili unyooke unene wa wastani unafika milimita 25. Sasa unahitaji 1.5. Timazi, ile kamba yenye uzito, na pimamaji vingekuonyesha hilo kabla hujanunua mfuko hata mmoja wa saruji.

Skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, hupimwa kwa urefu. Rangi hupimwa kwa eneo la ukuta mara idadi ya mikono, na praima, ile rangi ya msingi, ni mkono unaojitegemea. Kubeba vifaa na kutoa kifusi navyo ni kazi ya kulipwa.

Kuhusu vipande vinavyopotea, nina kidonda changu. Sebule kama ile, kwa vigae vya sentimita 60 kwa 60, inataka vigae 84, yaani maboksi 21 ya vigae vinne vinne. Ukiongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, yanakuwa 23. Mimi nilinunua 21. Tukapungukiwa vigae sita, nikarudi dukani, nikapewa jina lilelile la kigae lakini toleo jingine la kiwandani. Sita hivyo viko karibu na mlango wangu hadi leo, vyeupe zaidi kidogo, na jua la asubuhi likiingia huvimulika vyote sita.

Nakubali, kiwango kimoja cha mita ya mraba kina mahali pake: pale mtu anapojiuliza tu kama ajenge au asubiri. Na nakubali pia kwamba mafundi wengi hutaja jumla kwa sababu sisi wateja ndio tunaowabana, "niambie tu kwa ujumla", kisha tunamchagua wa bei ya chini.

Jumamosi mdogo wangu alirudi pale na futikamba. Fundi aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, wakaandika chumba kwa chumba: ukuta, sakafu, dari, vifaa upande mmoja na siku za kazi upande wa pili. Zikatoka kurasa tatu. Bafu lilipanda bei, vyumba vya kulala vikashuka, jumla ikaongezeka kidogo. Mdogo wangu aliikubali, na fundi akaomba nakala yake.