Thondaman, mwenye shamba aliyewaongoza wachuma chai

Lawama ya kwanza juu ya Savumiamoorthy Thondaman ni rahisi kuitamka: kiongozi gani wa wafanyakazi, naye ana shamba lake? Baba yake alikuwa mnyapara aliyepanda ngazi hadi akanunua shamba la chai la Wavendon, huko vilimani Sri Lanka. Mtoto akalirithi, kisha akaongoza chama cha wachuma chai wa Kitamil, ambao wazee wao waliletwa kutoka India. Lawama ya pili ni nzito zaidi. Julai 1983, Watamil walipouawa na maduka yao kuchomwa moto, alikuwa waziri, na hakujiuzulu. Jaffna, mji wa Watamil wa kaskazini, wapo ambao hawakumsamehe, na siwezi kusema hawana hoja.

Ila wengi huanza kumhesabia mwaka 1983. Yeye aliingia bungeni 1947, akiwa mbunge wa Nuwara Eliya. Mwaka uliofuata kisiwa kikapata uhuru, na sheria ya uraia ikamtaka mtu athibitishe kwamba hata baba yake alizaliwa pale. Kwa mtoto wa kibarua, aliyezaliwa kwenye chumba kimoja cha laini za shamba, yaani safu za vyumba vya vibarua, cheti cha baba kingetoka wapi? Watu laki kadhaa wakawa si raia wa popote. Ulipofika uchaguzi wa 1952, wapiga kura wake walikuwa wamekwishafutwa daftarini.

Kisha ukaja mkataba wa 30 Oktoba 1964, baina ya mawaziri wakuu wawili, Sirimavo Bandaranaike wa kisiwa hicho na Lal Bahadur Shastri wa India: watu 525,000 warudishwe India, 300,000 wabaki, 150,000 watazamwe baadaye. Neno "warudishwe" hunikwama kooni. Unamrudishaje mtu mahali ambapo hajawahi kufika? Piga hesabu: kwa kila wanne wa kubaki, saba waondoke. Igawe nyumba ya watu sita kwa hesabu hiyo, uone nani anatengwa na mama yake. Wale 150,000 nao, mwaka 1974, wakakatwa nusu kwa nusu, 75,000 huku na 75,000 kule, kama magunia ya ghalani. Wenyewe hawakuulizwa.

Kiongozi wa watu wasio na kura hubaki na nini? Chai. Jani halingoji, wa Kericho wanalijua hilo. Lisipochumwa kwa wakati, linakomaa na bei inashuka. Thondaman alirudi bungeni 1977, akawa waziri 1978, na hakuiacha silaha hiyo. Mgomo wa 1984 uliwapatia wanawake, ambao ndio wachumaji wengi, ujira sawa na wanaume. Januari 1986 aliwaita wafanyakazi kwenye sala saa za kazi. Nani angethubutu kuwafukuza watu kwa kusali? Mwaka huohuo serikali ikapitisha sheria ya kuwapa uraia.

Na kuhusu nchi huru ya Kitamil, iliyodaiwa na Watamil wa kaskazini naye akaikataa: watu wake waliishi katikati ya kisiwa, wamezungukwa na vijiji vya Wasinhala, walio wengi nchini. Mpaka ungepita wapi?

Chama alikiacha mikononi mwa mjukuu wake, kama mali ya ukoo, na laini zilibaki zimejaa watu. Hayo sina namna ya kuyatetea. Alifariki 30 Oktoba 1999, akiwa bado waziri, miaka 35 kamili tangu mkataba ule. Sheria ya kuwamalizia waliokuwa wamebaki bila uraia ilipita 2003.