Nembo ya DiscoVision: tuisafishe au tuiache na chenga zake?

Desemba 1978, mjini Atlanta, Marekani, diski za video zinazosomwa kwa leza ziliingia dukani kwa mara ya kwanza. Mashine ya kuzichezea ilikuwa ya kampuni ya Magnavox. Diski zilitoka kampuni ya MCA kwa jina la DiscoVision, kila moja na ukubwa wa santuri, sentimita 30, na utando mwembamba wa alumini ndani ya plastiki. Kabla ya filamu ilitangulia nembo ya kampuni, uhuishaji wa sekunde chache tu. Mapema miaka ya 1980 kampuni ya Kijapani ya Pioneer ilichukua kiwanda, jina la DiscoVision likaachwa, na nembo nayo ikaachwa.

Filamu zenyewe nyingi hazina shida. Studio zilihifadhi negativu, yaani filamu asilia za kamera, na baadaye zikatoa nyingi ya filamu hizo kwenye DVD na Blu-ray, bila nembo ile. Kwa hiyo uhuishaji huo umebaki ndani ya diski za zamani, na diski hizo zinaoza: hewa hupenya kwenye gundi, alumini inaliwa, na picha inajaa chenga.

Wanaotaka kuisafisha wana hoja nzito. Mchoraji hakuchora chenga. Kijana wa leo akiona picha chafu ataipita haraka, na kazi ya mtu itakuwa imepotea mara ya pili. Programu za akili mnemba zinang'arisha mistari kwa dakika chache, bila gharama kubwa.

Wanaopinga wanakumbusha jambo ambalo mimi naliona zito zaidi. Diski za DiscoVision zilisifika kwa ubovu tangu zikiwa mpya, kwa kuwa kiwanda kilishindwa kudhibiti vumbi na kasoro. Mtazamaji wa 1978 aliiona nembo ile ikiwa na chenga tayari. Ukizifuta zote, unamwonyesha mtu wa leo kitu ambacho huenda hakuna aliyewahi kukiona sebuleni kwake.

Lakini kusafisha si kwa namna moja, na hapo ndipo mabishano haya yanapopotea njia. Programu ya ld-decode inafanyia kazi mawimbi ghafi yaliyonaswa moja kwa moja kutoka kwenye leza, kabla mashine haijayageuza kuwa picha. Ukiwa na nakala tatu au zaidi za diski ileile, inazilinganisha: pale ya kwanza ilipotoboka, inachukua kilichosalia kwenye ya pili au ya tatu. Kila nukta inayojazwa ilichapwa kweli kiwandani. Akili mnemba haina diski ya pili ya kutazama. Inakisia kutokana na picha nyingine ilizofundishwa, na ukingo wa herufi unaouona umenyooka unaweza kuwa haukuwahi kunyooka.

Njia ya kwanza naiunga mkono bila kusita. Ya pili naikubali kwa sharti moja: faili la mawimbi ghafi lihifadhiwe, na mtazamaji aambiwe wazi kilichofanyika.

Ugumu upo kwa nembo iliyopatikana kwenye diski moja tu, maana hapo hakuna cha kulinganisha. Kishawishi cha kukisia ni kikubwa, na naelewa kwa nini mtu aliyeitafuta kwa miaka angetaka kuiona iking'aa. Mimi hiyo ningeiacha na chenga zake mpaka diski ya pili ipatikane.