Huo si uchafu: neno moja la zahanati na hatari ya VVU

Mwanamke anapofika zahanati na kueleza kwamba anatokwa na majimaji yenye harufu, mara nyingi kwenye daftari lake huandikwa maneno haya: anatokwa na uchafu ukeni. Tumeyazoea maneno hayo kiasi kwamba hatuyasikii tena. Yamo katika vipeperushi, katika vipindi vya afya vya redio, na katika vinywa vya wauguzi wenye nia njema kabisa. Ninaandika makala haya kwa sababu nimeamini, baada ya kufuatilia kwa miaka kadhaa kazi za watafiti wanaochunguza bakteria wa mwili wa binadamu na maambukizi ya VVU, kwamba neno "uchafu" katika sentensi hiyo ni kosa la kitabibu, na ni kosa linalowadhuru wanawake.

Mwaka jana nilikuwa kwenye foleni ya duka moja la dawa, nyuma ya msichana ambaye kwa kumtazama hakuwa amefika miaka ishirini na mitano. Alisogea hadi kifua chake kikagusa kaunta, akamwamkia muuzaji, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Dada, naomba dawa ya uchafu." Muuzaji hakuuliza swali hata moja. Alitoa vidonge vya fangasi na chupa ya sabuni ya maji ya kuoshea sehemu za siri, akasema, "Mdogo wangu, osha asubuhi na jioni." Msichana alilipa, akaviweka vitu hivyo chini kabisa ya mkoba wake, chini ya khanga, akaondoka bila kututazama tuliokuwa nyuma yake.

Anayeambiwa ana uchafu ataosha. Hilo ni jambo la kawaida kwa mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Ataosha kwa sabuni, kwa maji yenye dawa, wengine kwa shabu au ndimu, na wengine wataingiza kitambaa ndani ili wakaushe. Tatizo ni kwamba kinachooshwa si uchafu. Katika uke wenye afya huishi bakteria, na wale ambao tungependa wawe wengi zaidi huitwa laktobasili. Hutumia sukari itokayo katika kuta za uke na kutengeneza asidi ya laktiki, asidi ileile inayoyageuza maziwa kuwa mtindi. Asidi hiyo hushusha kipimo cha pH, ambacho huwa chini kadiri asidi inavyozidi, hadi chini ya 4.5, hali ambayo vijidudu vingi vya magonjwa haviipendi. Laktobasili wakipungua, nafasi yao huchukuliwa na mchanganyiko wa bakteria wengine wasiohitaji oksijeni, akiwamo Gardnerella vaginalis, na hapo ndipo hutokea hali ambayo madaktari huiita vajinosisi ya bakteria. Harufu inayomtia mwanamke aibu hutokana na kemikali zinazotengenezwa na bakteria hao. Haitokani na uvivu wa kuoga.

Uhusiano wa hali hiyo na VVU haukugunduliwa mbali nasi. Mwaka 1997 watafiti wakiongozwa na Profesa Nelson Sewankambo wa Makerere walichapisha matokeo kutoka Rakai, Uganda, yaliyoonyesha kwamba maambukizi ya VVU yalikuwa mengi zaidi miongoni mwa wanawake wenye vajinosisi ya bakteria. Miaka miwili baadaye yakaja matokeo ya Mombasa, ambako wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono walifuatiliwa kwa muda, na ikaonekana kwamba wasiokuwa na laktobasili walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa. Wanawake hao wa Rakai na wa Mombasa walikubali kupimwa miili yao mara kwa mara, na elimu hiyo dunia nzima imeipata kwao. Sijui ni wangapi kati ya mabinti zao wameisikia kwa lugha wanayoizungumza.

Swali lililobaki kwa muda mrefu lilikuwa la namna gani: bakteria wanahusika vipi na kirusi? Jibu lililo wazi zaidi, kwa maoni yangu, lilitoka Umlazi, kitongoji cha Durban nchini Afrika Kusini. Huko kulianzishwa utafiti uitwao FRESH, ambamo wasichana wa miaka 18 hadi 23 walifika kituoni mara mbili kwa wiki, wakapimwa VVU kwa tone la damu ya kidole, na wakati huohuo wakapata mafunzo ya stadi za maisha na maandalizi ya ajira. Mwaka 2017 watafiti wake walitoa taarifa kuhusu wanawake 236. Wale ambao uke wao ulitawaliwa na mchanganyiko wa bakteria wasiohitaji oksijeni walikuwa katika hatari ya kuambukizwa VVU iliyozidi mara nne ikilinganishwa na wale waliotawaliwa na laktobasili aina ya Lactobacillus crispatus. Hao wa crispatus walikuwa wachache, takriban mmoja kati ya kumi, lakini hakuna hata mmoja wao aliyeambukizwa katika kipindi hicho.

Kinachotokea kwenye utando wa ndani ni hiki. VVU haviingii katika kila chembe ya mwili. Hutafuta hasa chembe za kinga zenye alama iitwayo CD4. Bakteria wasiofaa wanapozidi, mwili huhisi umevamiwa, utando huvimba kidogokidogo bila mwenyewe kujua, na chembe za CD4 zilizoamshwa huitwa kwa wingi zije kulinda eneo hilo. Kwa maambukizi mengine huo ungekuwa msaada, lakini kwa VVU ni hasara, kwa sababu walinzi walioitwa mlangoni ndio hasa ambao kirusi kinawataka. Tena baadhi ya bakteria hao huumeng'enya ute unaopaswa kukinasa kirusi kabla hakijafika kwenye chembe. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba harufu na majimaji ni mambo madogo ya wanawake, yasiyostahili muda wa daktari. Wengi wenye hali hii hawana hata dalili, na anayepata dalili akaja kuomba msaada ametupa nafasi ambayo tunaipoteza kwa chupa ya sabuni.

Kuna mfano mwingine, wa Afrika Kusini pia. Mwaka 2010 utafiti wa CAPRISA 004, ulioongozwa na Quarraisha na Salim Abdool Karim, ulionyesha kwamba jeli ya ukeni yenye tenofovir, dawa ya kupambana na VVU, ilipunguza maambukizi kwa asilimia 39 miongoni mwa wanawake 889. Furaha ilikuwa kubwa, kisha majaribio yaliyofuata hayakurudia matokeo hayo, na sababu iliyotajwa sana ilikuwa kwamba wanawake hawakuitumia jeli ipasavyo. Hiyo ni sehemu ya ukweli. Lakini mwaka 2017 kundi la Nichole Klatt na Adam Burgener lilirudi kwenye sampuli za wanawake 688 wa CAPRISA 004 na kukuta jambo lingine: waliotawaliwa na laktobasili walikingwa kwa asilimia 61, na waliokosa laktobasili kwa asilimia 18 tu, ingawa matumizi ya jeli katika makundi hayo mawili yalikaribiana. Maabara ikaonyesha kwamba Gardnerella ilikuwa ikiifyonza na kuivunja dawa hiyo kabla haijafanya kazi. Mwanamke angeweza kufuata maelekezo yote na bado akaambiwa hakufuata. Hilo huniumiza kila ninapolikumbuka.

Nisiache mtu na hofu isiyo na msingi. Vidonge vya kumeza vya kujikinga na VVU havipotezi nguvu kwa sababu ya bakteria hawa. Wanawake wa Kenya na Uganda waliokuwa katika utafiti wa Partners PrEP walichunguzwa kwa jambo hilohilo, na kinga ya vidonge haikutofautiana kati ya wenye vajinosisi na wasiokuwa nayo. Anayevitumia aendelee kuvitumia.

Wanaume nao wamo. Bakteria wasiohitaji oksijeni huishi pia chini ya govi, hupungua baada ya tohara, na utafiti wa Rakai umewahusisha na hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU. Mwezi Machi 2025 watafiti wa Australia walitangaza kwamba vajinosisi ilirudi kwa asilimia 35 ya wanawake ambao wenzi wao walitibiwa pamoja nao, na kwa asilimia 63 ya wale waliotibiwa peke yao. Kwa hiyo mume anayemwambia mkewe "nenda kajisafishe" huenda ndiye anayemrudishia tatizo kila baada ya matibabu.

Ninachokiomba hakihitaji mashine za mamilioni. Karatasi ya kupimia pH ni ndogo kama kiberiti. Darubini tayari ipo katika vituo vingi vinavyopima malaria; ukiweka tone la majimaji kwenye kioo chake, utaziona chembe za ngozi ya uke zimezungukwa na bakteria hadi kingo zake hazionekani, kama mandazi yaliyoviringishwa kwenye sukari. Mtaalamu aliyefundishwa huzitambua kwa dakika chache. Na kwenye daftari tuandike "majimaji" au "ute usio wa kawaida", maneno ambayo tayari tunayo na ambayo hayamhukumu mtu.

Yule muuzaji wa dawa simlaumu, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha vinginevyo. Ila nimeyawaza mara nyingi maneno ambayo angeweza kumwambia binti yule: "Mdogo wangu, yanakuwasha au yananuka? Kama yanawasha na ni mazito kama maziwa yaliyoganda, huenda ni fangasi. Kama yananuka kama samaki, hasa baada ya kukutana na mwenzako, huenda ni bakteria, na dawa yake ni nyingine. Sabuni usiinunue. Nenda kwanza zahanati wakakupime, na ukifika uwaombe wakupime na VVU."