Kivuko kimfuate mtu, si mtu akifuate kivuko

Sisi tulio ughaibuni tukirudi likizo tunapenda kuwahubiria ndugu kwamba huku madereva wana adabu. Mimi naishi Uingereza, na naona adabu hiyo imetiwa chumvi. Dereva wa huku anasimama kumpisha mtembea kwa miguu kwa sababu barabara imembana. Kila upande wa kivuko cha pundamilia (mistari myeupe ya kuvukia barabara) kuna mistari ya kupindapinda, na kwenye eneo hilo ni marufuku kuegesha au kulipita gari lililotangulia. Nguzo zenye taa za njano za kuonyesha kivuko zilianza 1934, pundamilia wakafuata 1951. Hata hivyo ilibidi 2022 kanuni za barabarani ziongezwe makali: dereva ampishe hata anayesubiri ukingoni, si yule tu aliyekwisha kukanyaga mistari. Adabu gani hiyo ya kusubiriwa miaka yote hiyo?

Nyumbani tunachora kivuko mbali na kituo cha basi, halafu tunawalaumu watu kwa kuvuka ovyo. Aliyeshuka na mzigo na mtoto mgongoni hawezi kwenda mita mia mbili na kurudi mia mbili ili afike kwenye geti analoliona kwa macho. Kabla ya kununua rangi, wahusika wakae pale asubuhi, shule zikifunguliwa, watazame miguu inaelekea wapi.

Kisha kivuko kiwe nyuma ya basi lililosimama, si mbele yake. Anayepita mbele ya basi huchomoza ghafla, na bodaboda anayelipita basi hamwoni mpaka amemfikia. Kwenye kona pia hapana.

Barabara ikiwa na njia nne, rangi peke yake ni mtego: gari moja linasimama, la pili linachomoka ubavuni mwake. Hapo panatakiwa kisiwa katikati, au taa, na tuta kabla ya kufika. Najua matuta yanachukiwa (hata mimi nayalaani nikiwa ndani ya gari), lakini kwa makadirio ya kanuni za Uingereza, gari lenye mwendo wa kilomita 48 kwa saa husimama baada ya mita 23. Likiwa na kilomita 32, mita 12 zinatosha.

Na madaraja ya juu? Kwenye barabara kuu ya magari ya kasi, sawa. Ila kumpandisha ngazi bibi mwenye mkongojo katikati ya makazi ya watu, ili tu gari lisipunguze mwendo, mimi siungi mkono.